Mzee karudishwa nyumbani Kibosho na chupa ya mofini, familia imegawanyika. Naomba uzoefu wenu

KitindaMimba_Kibosho

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa nje, maana ndani kuna kikao cha familia kwa simu na sauti zimeshapanda.

Mzee wangu ana miaka 74. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, mtu wa daftari na hesabu maisha yake yote. Ana saratani ya tezi dume. Alishafanyiwa ile operesheni ya kuondoa korodani, akapata nafuu nzuri tu, akarudi shambani na mkasi wake wa kupogolea kahawa. Sasa ugonjwa umehamia kwenye mifupa: mgongo, nyonga na mbavu. Majuzi daktari alituita pembeni akasema hakuna tena tiba ya kuuondoa, turudi naye nyumbani, watu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, watakuwa wanatufuatilia. Ni suala la miezi. Tukapewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu makali, vidonge vya kulainisha choo na karatasi ya saa za dawa.

Tangu hapo hatuelewani. Dada mkubwa yuko Dar, anasema mofini ni dawa ya kumalizia watu, na ameshaanza kuchangisha hela za India. Baba mdogo anasema ni dawa ya kulevya, mzee atakuwa teja uzeeni. Mama kanyamaza. Mimi ndiye niliyebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Usiku ndiyo balaa. Ikifika saa saba anashika ukingo wa kitanda, anauma shuka ili mama asisikie. Dawa tunampa akizidiwa tu, kijiko kimoja, tena kwa woga.

La pili, hajaambiwa. Ndugu wote wamekubaliana asiambiwe. Lakini jana kaniuliza, "Wale madaktari walikuitia nini kule nje?" Nikamwambia mambo ya bili. Akaniangalia, akageukia ukutani.

La tatu, hataki kula. Mtori unarudi jikoni kama ulivyokwenda na mama analia. Yeye anaulizia mbege, pombe yetu ya ndizi.

Sitafuti miujiza. Nataka muda uliobaki aishi kama mtu. Mliopitia, nisaidieni.

Mangi_Sakina

Pole sana mkuu. La India niachie mimi. Sisi tulimpeleka shangazi, saratani ikiwa imeshasambaa hivyo hivyo. Tukauza eneo. Kule wakarudia vipimo vyote, wakasema yale yale tuliyoambiwa hapa, na akafia wodini ambako hakuna hata mtu mmoja wa kumwelewa akiomba maji. Kumrudisha ikawa mchango mwingine. Mwambie dada atume majibu ya vipimo kwanza na aulize swali moja: mtafanya nini ambacho hapa hakijafanyika, na kitamsaidia nini? Jibu liwe la maandishi. Akipata jibu la maana, sawa, mchange.

Ushindi_Daima

Usipokee ripoti ya wanadamu! Aache hizo dawa kwa imani, mlete kwenye maombi.

SistaMstaafu_Ngaramtoni

Mwanangu, pole na mzigo huo. Mimi ni nesi mstaafu. Miaka yangu ya mwisho kazini nilizunguka na gari la tiba shufaa vijiji vya Arumeru, mvua na vumbi, kwa hiyo unisamehe nitaandika kwa kirefu.

Kwanza huyu wa hapo juu. Ndugu yangu, mimi ni Mlutheri, nimeomba na wagonjwa hadi pumzi ya mwisho. Mtu ambaye hasagwi na maumivu anaomba vizuri zaidi. Asiache dawa.

Sasa wewe. Naanza na maumivu kwa sababu hayo mengine yote yamekaa nyuma yake. Kumpa mofini "akizidiwa tu" ndiko kunakomtesa mzee. Dawa hii ya maji ikinywewa inafanya kazi kwa muda wa kama saa nne hivi, kisha inaisha nguvu. Mkisubiri mpaka ang'ate shuka, maumivu yameshapanda, na kuyashusha kutoka huko ni kazi. Ndiyo maana mmepewa karatasi ya saa. Kwa kawaida inakuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku mara nyingi daktari anaiongeza, pengine mara mbili, ili mgonjwa alale mpaka asubuhi na wewe ulale. Angalia karatasi yenu kama imeandikwa hivyo. Haikuandikwa, piga simu uulize. Kipimo usipangiwe na mtu yeyote humu, hata mimi. Na pia uliza dozi ya katikati, ya yale maumivu yanayochomoza kabla ya saa yake kufika.

Usipime kwa kijiko cha chai. Vijiko vya nyumbani havilingani. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, lina mistari ya mililita.

Usingizi: siku chache za mwanzo atalala sana, na wenyewe mtashtuka. Sehemu kubwa ni deni la usiku wote ambao hakulala. Kichefuchefu nacho kinaweza kuja mwanzoni kikapita, kuna kidonge chake. Kinachotakiwa kukushtua ni mtu asiyeamshika kabisa, au anayepumua taratibu mno. Hapo usitoe dozi nyingine, piga simu. Kwa wagonjwa wa tezi dume tunaangalia zaidi, kwa sababu mkojo ukiziba figo zinachoka na dawa inakawia kutoka mwilini. Mkojo ukipungua, toa taarifa.

Choo: hivyo vidonge vya kulainisha si hiari. Mofini inafunga choo kwa karibu kila mtu na haizoeleki. Nimekuta mzee anagugumia, familia nzima inadhani ni saratani, kumbe hajapata choo wiki nzima.

Kuhusu teja na "kumalizia". Mwambie baba mdogo kwamba mwenye maumivu ya saratani akipewa mofini kwa kipimo anapata nafuu, halewi, na kutamani dawa kwa ajili ya dawa ni jambo la nadra sana kwa wagonjwa hawa. Dozi ikipanda ni kwa sababu ugonjwa umepanda. Na dada mkubwa mwambie hivi: watu wameona wagonjwa wakifa na chupa ya mofini iko mezani, wakailaumu chupa. Zamani ilikuwa inaletwa siku mbili za mwisho, lazima watu waunganishe. Ikitumika inavyoandikwa haifupishi maisha. Nimeona wanaoitumia kwa miezi mingi na wanakwenda sokoni. Tena wala si kitu cha kigeni: ni unga wa mofini, maji safi na dawa ya kuzuia isiharibike. Dk. Anne Merriman alianza kuitumia hivyo Kampala mwaka 1993 alipoanzisha Hospice Africa, shirika la kuhudumia wagonjwa wasiopona, na kwetu hapa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanaichanganya. Hospitali ya Selian, huku kwetu Ngaramtoni, walianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwaka 1999. Huko Moshi hakikisha jina la mzee limeandikwa kwa watu wa tiba shufaa wa hospitali iliyowaruhusu, au KCMC, na upate namba ya simu ya nesi mwenyewe, si ya mapokezi.

Mambo mawili ya mifupa, usiyapuuze. Moja, muulizeni daktari kama mionzi ingefaa kwa pale panapouma zaidi. Kwa maumivu ya mfupa mara nyingi inatolewa mara moja tu na inasaidia wengi. Hela za India zingeweza kufanya safari hiyo na chenji ikabaki. Pili, siku akisema miguu imekuwa mizito, ganzi, au ameshindwa kuhisi mkojo na choo, msingoje kesho. Uti wa mgongo unabanwa, na siku hiyo hiyo anatakiwa hospitali, vinginevyo anaweza asitembee tena.

Sasa hili la karani limenifurahisha. Mpe daftari! Sisi tunawafundisha wagonjwa kupima maumivu kwa mkono. Ngumi iliyofumbwa ni hakuna kabisa, kidole kimoja kidogo tu, vidole vitano ni yale yasiyoelezeka. Mzee aandike mwenyewe: saa, vidole vingapi, kanywa kiasi gani, baada ya nusu saa vidole vingapi. Nesi akija atafurahi kuliko akisikia "anaendelea hivyo hivyo".

Kumwambia. Mwanangu, mzee aliyekuuliza swali lile kisha akageukia ukutani anajua. Asichojua ni kama ana mtu wa kuongea naye. Mimi sikuwa naingia na taarifa. Nilikuwa navuta kiti, nauliza: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Halafu nafunga mdomo. Kimya kile kinakera, vumilia. Wengi wanasema wenyewe. Kisha: "Ungependa kuelezwa yote, au tuwe tunamweleza mtu wako?" Wapo wanaosema mwelezeni mwanangu, na hiyo ni haki yake pia. Msiahidi miezi mingapi. Semeni ukweli ambao ni wa uhakika: hatutaweza kuuondoa, ila hatutakuacha na maumivu na hatutakuacha peke yako.

Yule mama Mwingereza, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, ya St Christopher's London mwaka 1967, alikuwa nesi kabla hajawa daktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana pande nne: mwili, moyo, watu wake na imani yake. Ukiona mofini imepandishwa na bado vidole ni vitano, chunguza huko kwingine. Muulize mzee kuna jambo gani limembana. Wachagga huwa ni shamba au ndugu.

Chakula: mama aache kupika sufuria. Mtori mwepesi kwenye kikombe cha chai, anywe akitaka, hata saa tano usiku. Mwili wenye saratani iliyosambaa hautumii chakula kama zamani. Kumlazimisha hakumpi nguvu, kunampa kichefuchefu na ugomvi. Mama mpeni kazi nyingine ya mikono, amkande miguu kwa mafuta.

Mbege? Muulize daktari wake kwa ajili ya usingizi wa dawa na hizo figo, lakini kwa wagonjwa wangu funda mbili tatu kutoka kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, amekaa nje na wenzake, sikuwahi kuzipiga marufuku. Kata nzima, hapana.

Mama_Njiro

Sista samahani naingilia uzi wa watu. Wifi yangu ana ya shingo ya kizazi, kidonda kinatoa harufu mpaka amejifungia, hataki hata watoto waingie. Tunachoma udi, inakuwa mbaya zaidi.

SistaMstaafu_Ngaramtoni

Udi acheni. Muulizeni nesi wenu kuhusu kusaga vidonge vya Flagyl na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda baada ya kukisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kwa cha ndani anaweza kuandikiwa kwa njia nyingine. Harufu inapungua kweli kweli, na akianza kutokwa damu nyingi mpigieni nesi mara moja. Nguo za damu ziwe za rangi iliyokolea, isionekane sana. Na watoto waingie.

KitindaMimba_Kibosho

Nimerudi wakuu. Sista, Mungu akubariki.

Nesi alikuja. Gari liliishia barabarani kwa ajili ya utelezi, akapanda na begi lake kwa miguu hadi kwetu. Akasahihisha dozi ya usiku. Siku ya kwanza mzee alilala mpaka dada akapiga simu ya video kuangalia kama anapumua. Baada ya hapo akaamka, akaomba miwani.

Daftari kalichukulia kama kazi ya chama. Kapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, vidole, dozi, vidole baadaye, "maelezo". Kwenye maelezo anaandika vitu kama "mbavu za kulia, nilipogeuka" au "mgeni alikaa mno". Asubuhi ananisomea jumla. Usiku kwa sasa ni kidole kimoja, mara nyingine viwili. Juzi nilichelewa kumpa ile ya saa nane mchana, akaandika jina langu.

Nilivuta kiti kama ulivyosema. Kanyamaza sana. Halafu: "Hii imeingia kwenye mifupa. Mimi nilimwuguza babu yako, naijua." Akaniuliza kama mama anajua, nikasema ndiyo. Akasema, basi mlikuwa mnateseka kila mtu kivyake. Tukaita mama.

Na sista umejuaje habari za ndugu? Jambo lenyewe ni mpaka wa chini karibu na mfereji, yeye na baba mdogo hawajaelewana tangu babu afariki. Huyo huyo wa "teja". Mzee kanituma nikakate sale, lile jani la kuombea msamaha kwetu Wachagga, nimpelekee. Baba mdogo kulipokea jani hakusema kitu, akavaa koti akaja. Walikaa chini ya migomba na kata moja, mzee akanywa funda zake akapangusa mdomo. Walichoongea sijui, ila mofini haijaitwa tena ulevi, na baba mdogo sasa ndiye anayeshika zamu ya saa 12 asubuhi.

Yaliyobaki ni mawili. Mzee anataka kuandika wosia na baadhi ya ndugu wanasema ni kujichuria. Na dada kasema akiacha kula kabisa tumtundikie dripu hata kwa nguvu. Nisemeje?

Shemeji_wa_Rombo

Wosia aandike sasa akili ikiwa imetulia, tena saa ambazo hajasinzia kwa dawa, asije mtu akasema hakuwa na akili timamu. Kwa wosia wa kimila Tanzania, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema hivi: akiwa anajua kusoma na kuandika, na wosia umeandikwa, mashahidi wasipungue wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Wa mdomo mashahidi wanne, wawili wa ukoo, wawili wa nje. Uandikwe kwa kalamu ya wino, si penseli, uwe na tarehe na sahihi. Anayerithi asiwe shahidi, na wewe kitinda mimba kaa mbali kabisa na kalamu hiyo. Nakala mnaweza kuitunza RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Na mama yenu awepo, ajue kilichoandikwa. Nimekaa baraza za ukoo za kutosha, mjane akiachwa nje ya kikao ndipo kesi inapozaliwa.

SistaMstaafu_Ngaramtoni

Huyo shemeji msikilizeni. Na baba mdogo awe yule shahidi wa ukoo kama harithi humo, ule mpaka wa shamba walishauzungumza na mzee.

Dripu. Mwambie dada kwamba siku za mwisho mwili unafunga kazi wenyewe, haumezi na hauhitaji. Maji ukiyasukuma kwa mshipa wakati huo yanakwenda kujaa miguuni na kifuani, anaanza kukoroma kwa maji. Kinachomsumbua mtu wa hali hiyo ni ukavu wa mdomo, na huo dawa yake ni kitambaa laini kilicholowa maji, kupitisha kwenye midomo na ulimi mara kwa mara, na mafuta kidogo kwenye midomo. Dada akija mpe kazi hiyo. Wanaotoka mbali ndio wanaotaka dripu, kwa sababu wamefika na hawana la kufanya.

Muulizeni nesi mapema, sasa hivi, siku asipoweza kumeza mofini itatolewaje. Mara nyingine ni kidogo kidogo ndani ya shavu, mara nyingine sindano. Msije kuanza kutafuta jibu usiku wa manane. Akianza kulala siku nzima mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, na mwangalie makalio na visigino kama kuna wekundu. Pumzi ikianza kukoroma mlazeni ubavu, inamtisha anayesikiliza kuliko mwenyewe. Na muendelee kuongea naye kwa adabu ile ile, msimjadili kichwani pake kama hayupo.

Jambo la mwisho ni la chupa. Isikae dirishani juani, ifungiwe mbali na watoto. Ikibaki ya siku tano mkaombe nyingine, msingoje Ijumaa jioni, maana si kila duka la dawa linaruhusiwa kuwa nayo na wikiendi ni ndefu. Nenda na daftari la mzee, watakuandikia haraka. Na itakayobaki baadaye irudisheni hospitali, asipewe jirani hata awe na maumivu ya namna gani; mleteni jirani huyo kwa nesi.

KitindaMimba_Kibosho

Nimenakili yote sista. Chupa imebaki ya wiki, Jumatano nateremka Moshi mjini. Mzee kaniagiza na daftari jipya, hili anasema kurasa hazitoshi.